Radi au chaji ya ndege yenyewe? Namna ya kusoma dalili

Habari ya ndege iliyopigwa na radi hufika gati la Lamu kabla ya mizigo ya abiria wake. Mtu anateremka botini kutoka Manda, begi hajaliweka chini, tayari ameshasimulia: mwanga mweupe dirishani, kishindo, watu wakaanza kuvuta uradi. Ikifika jioni kila baraza ina sababu yake. Huyu asema injini ilipasuka, yule asema rubani aliingia winguni kusudi, na hakosekani wa kusema kwamba vile vijiti vya nyuma ya bawa havikufanya kazi.

Kazi yangu ni redio na umeme wa ndege, na maswali haya huyakuta kila nikirudi nyumbani. Nayapanga hapa kwa mtindo wa kazini: dalili kwanza, halafu sababu, halafu pa kutazama. Ndege nyingi zinazotua Manda na Malindi ni za propela. Jeti kubwa utaipanda Mombasa au Nairobi ukienda Jeddah au Muscat. Umeme hauchagui, kwa hiyo mengi ya humu yanahusu zote mbili.

Swali la kuanzia

Ilianza pole pole ikazidi, au ilikuja ghafla ikaisha?

Nauliza hivyo kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. Moja ni chaji ambayo ndege hujikusanyia yenyewe ikipita hewani, ule umeme tuli. La pili ni radi. Umeme tuli hubisha hodi: redio huanza kukwaruza, mkwaruzo ukazidi kadiri wingu linavyokuwa zito, ukapungua ndege ikitokeza kwenye anga safi. Radi huja mara moja, na sekunde haijatimia imeshapita. Mtu akilijibu swali hili sawasawa, nusu ya sababu zimefutika. Akisema "sijui, vyote viwili", usimkatalie, maana wakati mwingine lile la kwanza hutangulia hili la pili.

Redio inakwaruza ndani ya wingu

Rubani analalamika kwamba mnara hausikiki vizuri. Kwenye hedifoni kuna sauti ya mahamri yakitiwa kwenye mafuta ya moto, haikatiki, na sauti ya mwongozaji inazama humo.

Kila kipande cha barafu, tone la mvua, chembe ya vumbi au ya majivu inayogonga bodi kwa kasi ya jeti huacha chaji kidogo. Ndege iko hewani, haina ardhi ya kuipeleka chaji hiyo, basi inarundikana. Voliti hufika makumi ya maelfu na kupita hapo. Mwisho chaji hutafuta mahali penye ncha ili itoke: mwisho wa bawa, ncha ya mkia, au antena. Ikitokea antenani au jirani yake, redio inaisikia.

Ndiyo maana vikawekwa vile vijiti. Pale Manda, ukiwa unatembea kwa miguu kuiendea ndege, inua macho uangalie ukingo wa nyuma wa bawa karibu na mwisho wake, kisha uangalie mkia. Utaviona vimechomoza kuelekea nyuma, vyembamba, vingine vina ncha ya nyuzi nyuzi. Ndani yake vimetiwa ukinzani mkubwa kwa makusudi, ili chaji itoke kidogo kidogo, kimya, mbali na antena. Kishikizo chake, kinyume chake, kinatakiwa kiguse chuma cha bawa bila kizuizi chochote. Kijiti kizuri juu ya kishikizo kibovu ni pambo tu.

Kabla ya kupanda ngazi na mita mkononi, uliza redio ipi. HF, redio ya mawasiliano ya mbali, na ADF, chombo kinachoonyesha kituo cha redio kiko upande gani, huathirika mapema, kwa kuwa kelele hii ina nguvu zaidi kwenye masafa ya chini. VHF, inayotumika kuzungumza na minara, hufuata nyuma. Ikiwa VHF moja inakwaruza na ya pili ni safi, tatizo liko kwenye antena ya ile mbovu, au waya wake, au mpira wa kuziba maji chini yake. Vijiti havina ubaguzi wa namna hiyo.

Uliza pia kama kelele ipo ndege ikiwa imeegeshwa, jua linawaka. Ikiwa ipo, hiyo si chaji ya kupita mawinguni. Zima kimoja kimoja: taa za kabini, jenereta, feni, chochote chenye mota. Kuna watu hubadilisha vijiti vya ndege nzima kwa ajili ya taa moja yenye kasoro, na vijiti si bei rahisi.

Je, inakatika na kurudi kila usukani unapogeuzwa? Hapo nenda moja kwa moja kwenye mikanda ya waya uliosukwa, ile mifupi inayounganisha bawa na sehemu zake zinazochezacheza. Hukunjwa na kukunjuliwa kila safari, mwishowe nyuzi hukatika moja moja hadi mkanda unaning'inia kwa nyuzi mbili tatu. Ni kitu kidogo sana, lakini ukikosekana, siku ya radi mkondo utapita kwenye bawaba na gololi zake, na huko utaacha madoa ya kuungua na ugumu ambao rubani atausikia mkononi.

Yakishapita hayo ndipo uvihesabu vijiti. Kipi hakipo, kipi kimelika ncha, kipi kinacheza ukikigusa. Huku kwetu naongeza moja: chumvi. Ndege inayolala Manda, maji pande zote na kaskazi ikivuma, huota kutu nyeupe chini ya vishikizo mapema kuliko ile ya Nairobi. Kwa macho kishikizo kinaonekana kizima, rangi iko sawa, lakini mita inasema umeme haupiti. Nisingemwamini fundi wa pwani anayekagua vijiti kwa macho peke yake.

Pa mwisho ni pua. Kile kifuniko cha mbele kinachofunika rada ni cha faiba, si chuma, kwa hiyo hupakwa rangi maalumu inayopitisha chaji kidogo. Mvua huikwangua taratibu pale mbele kabisa. Rangi ikiisha, chaji hukaa juu ya faiba na kuruka vipande vipande hadi kwenye chuma, na kila mruko unasikika redioni.

"Vijiti vimeshindwa kuzuia radi"

Hii si dalili, ni lawama, lakini huletwa mara nyingi kiasi kwamba naipa nafasi yake. Vijiti havikuwekwa kuzuia radi wala kuivuta. Chaji vinayoweza kuitoa ni chembe tu mbele ya mkondo wa radi. Ukikuta ncha ya kijiti imeungua au kijiti kimekatika, umepata ushahidi kwamba radi ilitokea hapo. Hakuna kosa la kijiti.

Naona chanzo cha dhana hii kiko mbali. Tarehe 8 Desemba 1963 Boeing 707 ya Pan Am, safari namba 214, ilipigwa na radi ikisubiri kutua Philadelphia, mvuke wa mafuta kwenye tangi la bawa la kushoto ukashika moto, na ndege ikaanguka karibu na Elkton, Maryland. Wote 81 waliokuwemo walikufa. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza vijiti viwekwe kwenye jeti za abiria, na watu wakaunganisha mambo: radi ilipiga, vijiti vikawekwa, basi vijiti ni vya radi. Kilichoziokoa ndege zilizofuata ni kazi isiyoonekana kwa abiria: bati nene zaidi kwenye matangi, ribiti zilizozibwa zisitoe cheche ndani, matundu ya kupumulia ya tangi yaliyohamishwa na kuwekewa kinga ya moto, na kwenye jeti za karibuni nitrojeni inayosukumwa tangini ili oksijeni isitoshe kuwasha chochote.

Mng'ao wa buluu kwenye kioo cha rubani

Usiku, ndani ya wingu, vijistari vya buluu au zambarau vinatambaa kwenye kioo, au pua inatoa mwanga. Mabaharia waliuona kwenye milingoti zamani na Wazungu wakauita moto wa Mtakatifu Elmo. Haiunguzi ndege. Ni ile ile chaji ikitoka, safari hii kwa wingi hata ikaonekana.

Kinachotakiwa ni kujua kwa nini imekuwa nyingi. Rada ikionyesha wingu la radi jirani, jibu umelipata, na rubani huchukua tahadhari kwa sababu pigo linaweza kufuata. Rada isipoonyesha kitu, usiridhike. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa kusini mwa kisiwa cha Java, rada safi kabisa, kioo kikaanza kung'aa namna hiyo. Yalikuwa majivu ya mlima Galunggung. Rada ya hewa hutafuta maji, na majivu makavu haiyaoni. Injini zote nne zilizimika. Ndege ikateleza bila injini hadi chini ya majivu, zikawaka tena, ikatua Jakarta.

Mwanga mmoja mkali, kishindo, basi

Hiyo ni radi. Kwa wastani kila ndege ya abiria hupigwa mara moja hivi kwa mwaka, na pengine hujasikia kwa sababu mara nyingi hakuna la kusimulia zaidi ya mwanga na kishindo.

Mzee mmoja nahodha wa boti za Manda aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, radi ikiteremka toka juu, mbona haikosei ndege baharini huko kutupu?" Nikamwambia, "Mzee, mara nyingi haiteremki. Ndege ndiyo inayoianzisha." Alinitazama kama mtu anayedanganywa bei ya samaki. Lakini ndivyo: katika mapigo kumi, karibu tisa huanzishwa na ndege yenyewe. Inapoingia kwenye wingu lenye chaji nyingi, nguvu ya umeme hujikusanya kwenye ncha zake, na kutoka puani na mkiani huchipuka njia mbili za umeme kuelekea pande mbili zenye chaji tofauti. Zikikutana na chaji hizo, mkondo unapita, na ndege imo katikati ya njia.

Hutokea zaidi ndani ya wingu, karibu na kimo ambapo maji hugeuka barafu. Kwa latitudo zetu hicho ni karibu mita 5,000, futi 16,000 hivi. Jeti husafiri juu sana ya hapo, kwa hiyo hupapita ikipanda na ikishuka, ndiyo maana abiria husema "tulikuwa tunakaribia kutua". Pwani yetu haingurumi sana. Mwenye kutaka radi aende upande wa Ziwa Victoria, Kisumu na Kericho, ambako ngurumo za mchana ni jambo la karibu kila siku kwa miezi mingi. Mtu wa Lamu anayepigiwa radi angani, uwezekano mkubwa hakuwa juu ya Lamu.

Mkondo huingia ncha moja, hupita kwenye ngozi ya nje ya alumini, hutoka ncha nyingine. Ndani hauingii. Ndege hupimwa kwa mikondo inayofika ampea 200,000 kabla ya kuruhusiwa kubeba watu. Boeing 787 na Airbus A350, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni, zina wavu au karatasi nyembamba ya shaba chini ya rangi, kwa sababu kaboni haipitishi umeme kama alumini.

Taa za kabini zikipepesa, skrini ikizimika na kurudi, au harufu ya kuungua ikapita na kuisha, hayo yanaweza kuandamana na pigo na kwa kawaida hayaendelei. Harufu isiyoisha ni jambo jingine, mwambie mhudumu.

Baada ya pigo kuna kitu hakiko sawa

Hapa ndipo fundi hutakiwa kuwa mvumilivu, kwa maana dalili hutokea mbali na jeraha.

Dira ya akiba, ile ya sumaku, inaonyesha upande tofauti na vyombo vingine. Mkondo mkubwa hugeuza chuma cha karibu kuwa sumaku. Dira yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni jirani yake, kama skrubu au fremu ya chuma. Huondolewa usumaku, kisha dira hupimwa upya pande zote.

Picha ya rada imekuwa hafifu, au ina kivuli upande mmoja. Usianze na rada. Tazama kifuniko cha pua, na zile tepe za chuma zilizopita juu yake ambazo kazi yake ni kuipeleka radi kwenye bodi. Tundu dogo la sindano linatosha kuingiza maji ndani ya faiba, na maji hula nguvu ya rada. Picha inaweza kuwa nzuri siku ya pigo na mbaya wiki ya pili, baada ya mvua.

Injini imepiga mshindo au kuzimika. Ni nadra, na injini ndogo zilizobandikwa ubavuni karibu na mkia ndizo huathirika zaidi, kwa kuwa radi ikipita bodini mbele yake huivuruga hewa inayoingia. Mara nyingi huwashwa tena na kuendelea. Ikaguliwe hata hivyo.

Usukani ni mzito au ndege haitii. Hii ndiyo dalili nisiyoipenda, maana radi hubebeshwa mzigo usio wake. Tarehe 15 Desemba 2014 Saab 2000, ndege ya propela, ilipigwa ikikaribia Sumburgh, visiwa vya Shetland. Rubani alivuta usukani, ndege ikakataa, akavuta zaidi, pua ikazidi kuinama, hadi ikabaki futi 1,100 tu juu ya bahari. Usukani haukuwa umeharibika. Mfumo wa kujiendesha ulikuwa bado umewashwa, rubani akidhani umezimika, na ulikuwa unashindana naye. Ulipotoka, ndege ikainuka na kutua Aberdeen. Kwa hiyo swali la kwanza: nani anaendesha?

Radi inaweza kweli kuvuruga kompyuta. Superjet 100 iliyopigwa baada ya kuruka Sheremetyevo, Moscow, tarehe 5 Mei 2019, ilipoteza mawasiliano kwa sehemu na usukani ukaangukia kwenye hali ya moja kwa moja, isiyo na msaada wa kompyuta. Bado ilikuwa inaruka. Iligonga ardhi kwa nguvu na kurukaruka wakati wa kutua, miguu ya ndege ikavunjika, mafuta yakamwagika, moto ukawaka. Watu 41 kati ya 78 walikufa.

Madoa bodini

Ndege haisimami radi inapopiga. Inaendelea mbele huku mkondo umeing'ang'ania. Basi radi hugusa, huachia, hugusa tena nyuma kidogo. Usiku kwenye hanga, ukiweka tochi karibu na bati na kuimulika kwa ubavu, utayaona: vidoa vya kuyeyuka, vingine kama kichwa cha pini, rangi imechomeka pembeni, kichwa cha ribiti kimelainika. Vimepangana kutoka puani kurudi nyuma, na mstari wake ndio ramani yako. Fuata mpaka uupate mwisho, kwenye ncha ya bawa, mkia, au kijiti. Mwenye kupata mlango wa kuingilia akaacha kutafuta wa kutokea hajakagua, na mara nyingi wa kutokea ndio wenye tundu kubwa.

Kwenye kaboni usitegemee macho. Juu utaona rangi imebabuka kidogo, chini matabaka yameachana. Hapo ni mashine ya mawimbi ya sauti, na shaba iliyoungua irudishwe kabla ya rangi mpya.

Chini uwanjani

"Mvua haijanyesha, mbona hatupandi?" Kwa sababu radi hupiga hata kilomita kumi na zaidi kutoka kwenye wingu lake, na anayejaza mafuta au kuongea na rubani kwa hedifoni ya waya ameunganishwa na chuma kikubwa kilicho wazi uwanjani. Hedifoni hiyo hung'olewa mapema, na mafuta husimamishwa.

Mafuta yenyewe hujitengenezea chaji yakipita kwenye bomba na hasa kwenye chujio. Ndiyo maana gari la mafuta hufungwa kwa waya na ndege kabla ya bomba kuunganishwa, na waya huo hutolewa mwisho. Ukiona bomba limeshika na waya bado uko kwenye kibao chake, mwite msimamizi, hata kama wewe ni abiria tu.

Kiti kinakushtua

Hewa ya kabini ya jeti ni kavu, mara nyingi unyevu chini ya asilimia 20, na wewe umesugua nguo kwenye kiti kwa saa tano. Ukigusa chuma, cheche. Haina uhusiano na radi wala na ndege kuwa mbovu. Gusa chuma kwa ufunguo kwanza, usikie cheche ikienda kwenye ufunguo badala ya kidole.